Je, Wajua? Shangwe za Chuo Zilizozaliwa na Makatazo

Muulize mtu aliyemaliza chuo miaka ishirini iliyopita akusimulie mhadhara mmoja tu. Atakuna kichwa. Muulize kuhusu Ijumaa ile bumu, yaani fedha za kujikimu, lilipoingia baada ya kucheleweshwa wiki tatu, naye atakutajia mpaka rangi ya shati alilovaa, nani alileta spika, na nani alilala nje kwa sababu mlinzi wa hosteli alishafunga geti. Kumbukumbu za chuo hukaa uwanjani, kwenye nyasi, kwenye ngazi za maktaba na chini ya miembe.

Habari za viwanja hivyo, za hapa kwetu na za mbali, ukizipanga pamoja utaona jambo moja linajirudia. Sherehe nyingi za wanafunzi, hata zile zinazoonekana kuwa uhuru mtupu, chanzo chake ni katazo, ufinyu wa nafasi au ugomvi. Tuanzie walikojikinai kwa mila.

Je, wajua kwamba Wiki ya Mei ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, huadhimishwa mwezi Juni? Zamani ilikuwa Mei kweli. Baadaye tarehe zikasogezwa mbele mpaka mitihani ipite, jina likaachwa lilivyo, na hakuna anayelisumbukia. Siku hizo watu hujazana kando ya Mto Cam na vikapu vya chakula kutazama mashindano ya mashua za makasia. Mto wenyewe ni mwembamba, mashua haziwezi kushindana ubavu kwa ubavu. Kwingine wangeuacha mchezo. Wao, tangu miaka ya 1820, huzipanga mashua mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Mzinga ukilia, kila mashua inaifukuza iliyo mbele yake ili iipige kumbo kabla yenyewe haijapigwa na ya nyuma. Ukifanikiwa, kesho yake mnabadilishana nafasi. Mambo huenda hivyo kwa siku nne, na wapiga makasia waliofaulu hurudi wamejipamba kwa matawi ya miti.

Chuoni hapohapo alisoma mshairi Lord Byron, aliyekuwa na mbwa anayempenda sana. Kanuni za koleji ya Trinity zilikataza mbwa. Mwaka 1807 Byron akaleta dubu. Kanuni hazikutaja dubu, basi mnyama akawa anatembezwa kwa mnyororo viwanjani kama mwanachuo mwingine yeyote, na bwana wake akatangaza kwamba anamwandaa kugombea nafasi ya uanazuoni. Wanasheria wetu watarajiwa wanaolalamikia vifungu vya kanuni za hosteli wajifunze kusoma kwa makini namna hiyo.

Upande wa Oxford, furaha ya barabarani hupimwa kwa maua. Mwanafunzi huenda kwenye mitihani amevaa vazi rasmi jeusi na jeupe, na joho juu yake. Kifuani hubandika ua la mkarafuu wa bustani: jeupe mtihani wa kwanza, la rangi ya waridi mitihani ya katikati, jekundu mtihani wa mwisho. Mwenye ua jekundu akitoka nje, marafiki wanamsubiri na unga, mapovu na maji ya rangi. Chuo kinatoza faini kwa uchafuzi huo, nao unaendelea. Vazi lenyewe wengine waliona ni la kibwanyenye, likapigiwa kura mwaka 2015. Takriban robo tatu ya wanafunzi waliopiga kura walitaka libaki. Vijana kuitetea sare yao ya mitihani! Sijui kama kura hiyo ingepita Mlimani, Dar es Salaam, mwezi wa Februari na joto lake.

Na usidhani Oxford daima ilikuwa ya maua. Tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi wawili walilalamika kwamba mvinyo waliouziwa kwenye kilabu ni mbovu. Maneno yakawa ngumi, ngumi zikawa mishale, na vita kati ya mji na chuo vikaendelea kwa siku kadhaa. Inasimuliwa kwamba wanachuo 63 waliuawa, na wenyeji wa mji karibu 30. Mfalme alisimama na chuo. Tangu hapo meya wa mji alitakiwa kila mwaka kwenda kanisani kulipa peni 63, moja kwa kila mwanachuo aliyeuawa, na malipo hayo yaliendelea mpaka 1825. Hiyo ni miaka 470 ya kulipia chupa ya mvinyo.

Nenda Scotland, chuo cha St Andrews. Mbele ya lango la kanisa la St Salvator, herufi mbili, PH, zimepangwa kwa mawe ardhini. Ni za Patrick Hamilton, mwanamageuzi wa dini aliyechomwa moto mahali hapo mwaka 1528. Mwanafunzi hakanyagi pale. Akikanyaga, atafeli, ndivyo wanavyoamini, na utawaona watu wazima wenye laptopu begani wakikwepa mawe mawili matatu kana kwamba kuna nyoka. Ila dawa ipo. Alfajiri ya Mei mosi umati wa wanafunzi hukimbilia Bahari ya Kaskazini na kujitosa, na baridi ile huosha laana yote ya mwaka. Waswahili wa pwani, mnaoogelea mpaka midomo ibadilike rangi, msicheke kabla hamjayatia mguu maji ya huko.

St Andrews wana pia mila ya wakubwa kuwalea wadogo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupata baba na mama wa chuoni kutoka miaka ya juu. Zamani mtoto aliwashukuru wazazi hao kwa ratili moja ya zabibu kavu, naye akapewa risiti iliyoandikwa Kilatini. Siku hizi mambo hayo huishia uwanjani asubuhi ya Jumatatu, mamia ya vijana wamevaa vinyago wakipigana kwa mapovu ya kunyolea ndevu mpaka nyasi zigeuke nyeupe.

Lakini kama ningepewa tiketi moja tu, ningeenda Coimbra, Ureno.

Chuo Kikuu cha Coimbra kilianzishwa mwaka 1290, kwanza kikiwa Lisbon, kisha kikatua Coimbra moja kwa moja mwaka 1537. Wanafunzi wake huvaa suti nyeusi na shuka zito jeusi begani, hata jua likiwaka. Kila kitivo kina rangi yake: tiba njano, sheria nyekundu, fasihi na lugha buluu iliyokolea. Mwezi Mei hufika Queima das Fitas, yaani siku za kuchoma utepe. Wanaoelekea kumaliza huchoma utepe mwembamba wa rangi ya kitivo chao ndani ya, usishangae, chungu cha haja ndogo. Sherehe huchukua siku nane. Hufunguliwa usiku wa manane mbele ya kanisa kuu la kale, waimbaji wakiwa ngazini na maelfu ya watu wenye mashuka meusi wamejaza uwanja bila kelele. Wimbo ukiisha, desturi ya mji huo haitaki makofi. Watu hukohoa. Umati mzima unasafisha koo kwa pamoja, kama mtu aliyeguswa moyo akakosa la kusema. Siku chache baadaye malori yaliyopambwa kwa maua ya karatasi hushuka mlimani kwa gwaride, na hapo kelele zote zilizobanwa hutoka.

Sasa, je, wajua kwamba sherehe hii ilisimama kwa zaidi ya miaka kumi, na aliyeisimamisha si polisi bali wanafunzi wenyewe? Tarehe 17 Aprili 1969 rais wa nchi, Américo Tomás, alikuja kuzindua jengo la hisabati. Ureno ilikuwa chini ya udikteta na ikipigana vita vya kikoloni Angola, Guinea na Msumbiji. Kiongozi wa wanafunzi, Alberto Martins, alisimama akaomba ruhusa ya kusema kwa niaba ya wenzake. Akanyimwa. Usiku huo akakamatwa. Wanafunzi wakatangaza maombolezo ya chuo: madarasa yakasusiwa, mitihani ikasusiwa, na Queima ikafutwa.

Mwezi Juni mwaka huohuo timu ya wanafunzi, Académica, ikafika fainali ya Kombe la Ureno dhidi ya Benfica. Serikali ilishtuka. Rais hakutokea uwanjani, na mechi haikuonyeshwa kwenye televisheni. Wachezaji wa Académica waliingia na mashuka meusi mabegani, taratibu, kama watu wanaokwenda mazikoni, na majukwaani yakafunguliwa mabango. Académica walitangulia kufunga zikiwa zimebaki dakika kumi hivi. Benfica wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza bao la ushindi likafungwa na Eusébio, kijana wa Maputo, mji ambao wakati huo uliitwa Lourenço Marques. Mwafrika kutoka koloni ndiye aliyewanyima kombe wanafunzi waliokuwa wakiupinga utawala wa kikoloni. Mpira hauna adabu. Udikteta ulianguka 1974, Queima ikarudi 1980, na Alberto Martins, yule aliyenyimwa kipaza sauti, baadaye akawa waziri wa sheria.

Huko Finland msimu wa baridi ni mrefu mno, kwa hiyo tarehe 30 Aprili watu hutoka nje hata theluji ikiwa bado. Saa 12 jioni wanafunzi huninginia kwenye winchi juu ya sanamu ya Havis Amanda mjini Helsinki, wakimwosha na kumvika kofia nyeupe ya wanachuo. Sanamu hiyo ya mwanamke asiyevaa kitu ilipowekwa mwaka 1908, vyama vya wanawake vililalamika sana. Leo bila yeye sikukuu haijaanza. Vijana huvaa ovaroli za rangi, kila fani rangi yake, zimeshonewa beji mpaka kitambaa hakionekani. Wapenzi hukata kipande cha ovaroli na kubadilishana. Ukimwona mtu wa ovaroli nyekundu ana mkono wa buluu, usipoteze muda wako.

Mzaha wa wanafunzi wa uhandisi wa nchi hiyo uliwahi kuingia kwenye historia ya Sweden. Meli ya vita Vasa ilizama Stockholm mwaka 1628, na Aprili 1961 ikaibuliwa mbele ya macho ya dunia nzima. Kabla haijaibuliwa, Wafini hao walipiga mbizi wakaweka juu yake sanamu ndogo ya mwanariadha wao Paavo Nurmi, aliyezaliwa 1897. Fikiria uso wa mtaalamu wa mambo ya kale aliyeikuta.

Waswidi nao hawajambo. Uppsala, siku hiyohiyo ya 30 Aprili, wanafunzi hushuka mto Fyris kwa mitumbwi waliyojiundia wenyewe, mingi ikivunjika kwenye maporomoko huku watu wakishangilia zaidi waliozama. Na kwenye hosteli za Flogsta, kila usiku saa 4 kamili, madirisha hufunguliwa na watu hupiga kelele kwa nguvu zote, kisha wanarudi kusoma. Hosteli za Mabibo, Dar es Salaam, zingefaidika, ila majirani sijui.

Marekani kuna mengi, nitachagua machache. Wachezaji wa futiboli ya huko wanapokusanyika duara kabla ya kila mpira, wanafuata desturi iliyoanzia chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, miaka ya 1890. Viziwi walicheza na viziwi wenzao, na kila timu ilikuwa ikisoma ishara za mikono za timu nyingine. Wakaamua kujifunika kwa migongo yao. Chuo hichohicho kilikuwa kikipiga ngoma kubwa pembeni mwa uwanja, ili wachezaji wasisikie kwa masikio bali kwa kifua.

Na viongozi wa ushangiliaji, wale wenye mapambo? Wa kwanza alikuwa mwanaume, Johnny Campbell, mwanafunzi wa Minnesota, aliyesimama mbele ya mashabiki tarehe 2 Novemba 1898 kwa sababu timu yao ilikuwa ikifungwa kila mara. Wanawake waliruhusiwa kazi hiyo chuoni hapo mwaka 1923.

California, chuo cha Berkeley, mwaka 1964 utawala ulikataza meza za siasa kwenye lango la chuo. Oktoba mosi polisi wakamkamata kijana mmoja na kumwingiza kwenye gari. Wanafunzi wakakaa chini kulizunguka. Gari halikutoka kwa saa 32, na juu ya paa lake wasemaji walipanda mmoja baada ya mwingine kuhutubia, kwanza wakivua viatu wasilikwaruze. Leo kwenye uwanja huo kuna duara dogo la udongo, upana wa sentimeta 15 hivi, limezungushiwa jiwe lenye maandishi kwamba udongo huo na hewa iliyo juu yake si mali ya taifa lolote. Chuo kilikubali mnara huo kwa sharti kwamba usiitaje harakati ya 1964. Jirani yake ni chemchemi iliyopewa jina la Ludwig, mbwa aliyekuwa akija kila siku kuoga na kuombaomba vyakula vya wanafunzi. Kwa hiyo uwanjani hapo mbwa ametajwa kwa jina, harakati haikutajwa.

Turudi nyumbani. Makerere, Kampala, ilianza 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wanaume. Kaulimbiu yake ilikuwa na maana ya "tuwe wanaume". Mwaka 1945 wakaingia wanawake sita, na kaulimbiu hiyo ikakosa pa kujificha. Ikabadilishwa kuwa ya kujenga kwa ajili ya wakati ujao. Leo mahafali hufanyika kwenye nyasi za Uwanja wa Uhuru, mbele ya jengo kuu jeupe lililoungua Septemba 2020 na kufunguliwa tena 2024. Juu ya miti hukaa wale korongo wakubwa wenye kipara ambao Waganda huwaita kaloli, na mgeni anayekaa chini yao bila kuangalia juu hujifunza haraka.

Ardhi hiyo ina habari nzito. Martin Luther Nsibirwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, aliunga mkono sheria iliyowezesha serikali kutwaa ardhi ambayo Makerere ilihitaji ili ipanuke. Sheria ilipita. Siku iliyofuata, tarehe 5 Septemba 1945, alipigwa risasi na kuuawa kwenye ngazi za kanisa kuu la Namirembe. Bweni moja la wanaume chuoni, lile lenye vijana wanaojulikana kwa gwaride na nyimbo za kijeshi, lina jina lake.

Miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere walipakia jukwaa kwenye gari wakazunguka na michezo ya kuigiza bila kiingilio, kwenye masoko na viwanja vya shule, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Walioshuhudia wengi hawakuwahi kukanyaga chuo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sherehe bora kuliko zote zilizotajwa humu, na inastahili kurudishwa.

Nairobi wanafunzi wakitaka kuamua jambo huita kamukunji, hadharani, makomredi wote wakisimama. Jina limetoka uwanja wa Kamukunji wa mashariki mwa jiji, uliokusanya watu wakati wa kudai uhuru na tena kwenye Saba Saba, siku ya kudai vyama vingi, tarehe 7 Julai 1990. Msemaji asiye na sauti kubwa hapati muda wa pili.

Dar es Salaam chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kitivo kimoja tu, cha sheria. Kikahamia Mlimani mwaka 1964. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana na majoho yao mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Baadhi ya mabango yalisema heri enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu wote, wanaokaribia 400. Kinachosahaulika ni kwamba hapohapo alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ni minono mno, akaanza na wake mwenyewe, akaukata asilimia 20. Wanafunzi wengi walirudishwa baadaye.

Si kila desturi ya Mlimani inafaa kuliliwa. Kwa miaka mingi kulikuwa na Mzee Punch, mtu asiyejulikana, au watu wasiojulikana, waliobandika usiku michoro na maneno ya kejeli ukutani. Asubuhi watu walijaa kusoma na kuangua kicheko. Mwanzoni mwa 1990 mwanafunzi wa kike aliyekuwa akiandamwa alijiua. Punch ikapigwa marufuku, wanahabari wanawake wakapaza sauti nchi nzima, na ndivyo ilivyostahili. Utani unaomchagua mtu mmoja asiyeweza kujibu ni uonevu tu, hata ukuta mzima ukicheka.

La mwisho: je, wajua kwamba uliwahi kuibeba Mlimani mfukoni? Noti ya shilingi 500 iliyokuwa na picha ya Mzee Karume mbele, nyuma yake ilikuwa na Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 ikaja sarafu, ukumbi ukaondoka, akaingia nyati.

Coimbra, Oxford na Helsinki tunazijua kwa sababu waliandika. Wewe uliyesoma Mlimani, Mzumbe, Makerere, Nairobi, Kenyatta au Lubumbashi, una picha za siku za michezo, za kampeni za serikali ya wanafunzi, za ngoma za kuwapokea mwaka wa kwanza. Andika nyuma ya kila picha mwaka, jina la bweni na nani alipiga ngoma, kisha ipeleke nakala maktaba ya chuo chako.